Lango na Sanduku: Shule ya Bweni ya Kikatoliki katika Hadithi za Watoto

Miongoni mwa tanzu za fasihi ya watoto zilizoletwa Afrika Mashariki na elimu ya kikoloni, hadithi ya shule ya bweni ni utanzu uliopata wasomaji wengi na wahakiki wachache. Sababu haiko mbali. Wahakiki wa Kiswahili walishughulika kwa muda mrefu na riwaya ya watu wazima, ushairi na tamthilia, na kitabu cha mtoto kikaachiwa walimu wa shule za msingi, kana kwamba kusoma kwa mtoto ni jambo la darasani tu. Makala haya yanachunguza tawi moja la utanzu huo, yaani hadithi ya shule ya bweni ya Kikatoliki, kutoka mahali ambapo wahakiki hawana mazoea ya kusimama: Soko la Toi, ukingoni mwa Kibera, jijini Nairobi. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mbili. Hapo vitabu vya aina hiyo huuzwa vikiwa vimekwisha kusomwa na watoto wa nchi nyingine; na hapo mzazi wa Kibera au wa Kawangware hulijaza sanduku la mtoto aliyeitwa shule ya bweni, kwa blanketi, viatu na sweta vilivyokwisha kutumiwa vilevile. Kitabu na sanduku hukaa hatua chache tu kutoka kimoja hadi kingine, ilhali katika hadithi za watoto za Kiswahili havijakutana bado.

Utanzu wenyewe ulikulia Uingereza. Tom Brown's Schooldays cha Thomas Hughes, kilichotoka mwaka 1857, kiliweka muundo uliofuatwa kwa karibu karne nzima: mtoto hufika shuleni akiwa mgeni, huonewa na wakubwa, hupata rafiki, hujaribiwa, hushinda, huondoka akiwa mtu. Wakatoliki wa Marekani hawakukawia kuuchukua muundo huo na kuubatiza. Padre Francis Finn, Mjesuiti aliyeishi kati ya 1859 na 1928, aliandika Tom Playfair na Percy Wynn, hadithi za wavulana wa shule ya bweni aliyoiita St Maure's. Katika vitabu hivyo besiboli na rozari hukaa meza moja bila kugombana, na mtoto mtundu hurekebishwa na urafiki zaidi ya viboko. Si sanaa ya juu. Hata hivyo Finn alielewa jambo ambalo waandishi wengi wa hadithi za dini kwa watoto hawajalielewa hadi leo, kwamba mtoto asiye na kosa lolote hana hadithi.

Pamoja na tofauti zao za madhehebu, vitabu hivi vyote vinatii sheria moja ya kimuundo. Lango la shule hufungwa katika sura za mwanzo na halifunguliwi ila mwisho wa muhula. Wazazi hubaki nje, na fedha hubaki nje pamoja nao. Karo imelipwa kabla hadithi haijaanza na kwa hiyo haina haja ya kutajwa. Na pale mtoto maskini anapoingizwa kwa msaada wa masomo, umaskini wake aghalabu hugeuzwa kuwa suala la tabia, yaani kama atakuwa mwaminifu au mdanganyifu. Kisiwa hicho kisicho na karo ndicho chemchemi ya raha ya utanzu huu. Msomaji mtoto hupewa dunia ambamo makubwa yote hutokea baina ya watoto.

Walioandikia watu wazima waliisumbua raha hiyo. James Joyce, katika A Portrait of the Artist as a Young Man (1916), alimwingiza msomaji katika chuo cha Kijesuiti cha Clongowes Wood, akamwonyesha mtoto aliyevunjikiwa miwani akipigwa viganjani na padre asiyemwamini, kisha akienda peke yake kumshtaki padre huyo kwa mkuu wa chuo. Antonia White aliifanyia shule ya watawa kazi iliyo karibu na hiyo katika Frost in May (1933). Lakini hata humo lango bado limefungwa. Kilichobadilika ni kwamba aliye ndani amegundua kuwa limefungwa.

Vitabu vya watoto vya mtindo huu vilifika Nairobi kwanza kupitia maktaba za shule za kikoloni, na baada ya miaka mingi kupitia biashara ya mitumba. Hadithi za Enid Blyton, zile zilizoanza na The Twins at St Clare's mwaka 1941 na zile za Malory Towers zilizoanza mwaka 1946, ni miongoni mwa zilizosomwa sana nchini Kenya, na nakala zake zilizochakaa bado hupita mikono kwa mikono, kwenye meza za masoko na kwenye vibaraza vya katikati ya jiji ambavyo wakazi wa Nairobi huviita inama, kwa kuwa mnunuzi sharti ainame. Mtoto wa Makina au wa Kawangware anayekutana na jina St Clare's hana sababu ya kudhani kuwa shule hiyo si ya Wakatoliki. Katika jiji lake jina la mtakatifu juu ya lango la shule lina historia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St Austin's mwaka 1899. Watawa wa Loreto walifika nchini mwaka 1921, na shule yao ya Msongari iko upande wa Lavington, mahali ambapo mtoto wa Kawangware anaweza kufika kwa miguu, ingawa kuingia ni jambo jingine. Wasichana Waafrika walisubiri hadi Loreto ya Limuru ilipoanzishwa mwaka 1936. Siku hizi hata shule binafsi ndogo za mabati, zisizo na padre wala kikanisa, hujipa jina la mtakatifu, kwa kuwa jina hilo huahidi nidhamu na matokeo mema ya mtihani.

Basi mtoto hufungua kitabu cha Blyton akitarajia misa, na misa haiji. Hamna padre, hamna maungamo, hamna Bikira aliyesimama kwenye kona ya bustani. Jina la mtakatifu limebaki kama kitambulisho kilichoshonwa ndani ya kola ya koti la mtumba: linataja duka ambalo mvaaji hatalitia mguu kamwe. Koti lenyewe, hata hivyo, hupasha joto, na mhakiki asiyelikiri hilo hasemi kweli. Watoto wa Nairobi hawakupumbazwa na vitabu hivi kama ilivyodaiwa mara nyingi katika mijadala iliyofuata waraka wa Oktoba 1968, ambao Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka kwao Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ifutwe. Mjadala ule ulikuwa wa lazima na ulizaa matunda. Lakini uliishia kwenye rafu za chuo, haukushuka hadi kwenye rafu ya mtoto. Huko chini mtoto aliendelea kusoma alichokipata, akipachika misa mahali ambapo kitabu hakikuiweka.

Jambo ambalo mtoto huyo hawezi kulipachika ni lango. Katika shule nyingi za bweni za Kenya lango hufunguka kila mara majina ya wenye deni yanaposomwa. Mwanafunzi hutumwa nyumbani kuleta karo. Hukaa juma moja, pengine matatu. Hurudi na sehemu ya fedha, akakuta wenzake wamemaliza sura nzima ya hesabu na kitanda chake kimekaliwa na mwingine. Athari ya jambo hili kwa muundo wa hadithi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Hadithi ya Kiingereza husimama juu ya siku zisizokatika: uadui hukomaa kwa majuma, siri hufichwa bwenini hadi ifichuke, timu hufanya mazoezi hadi siku ya mechi. Mhusika anayetolewa shuleni katikati ya muhula hukata nyuzi hizo zote mara moja. Mwandishi Mwafrika anayeiga muundo huo bila kuuvunja hujikuta akiandika uongo, hata kama wahusika wake wanaitwa Akinyi na Wafula na wanakula ugali. Kinachohitajika ni ploti inayokubali kukatika, ambayo sura zake za nyumbani zina uzito ule ule wa sura za shuleni.

Sura ya kwanza ya hadithi kama hiyo iko sokoni. Barua ya kuitwa shule huandamana na orodha ya vitu: sanduku la bati na kufuli, blanketi, mashuka, taulo, ndoo, viatu vyeusi vya ngozi, soksi, sweta la rangi iliyotajwa, Biblia, kamusi, sabuni za idadi fulani. Kwa mhakiki wa fasihi orodha hiyo ni matini, tena ni matini ya kwanza ya shule inayosomwa na familia nzima kwa pamoja. Mama huisoma kama bei. Mtoto huisoma kama ahadi. Na mdogo wake, ambaye zamu yake haijafika, huisoma kama unabii. Toi hugeuza kila mstari kuwa mapatano. Viatu hupatikana, lakini kimoja kimelika kisigino. Blanketi hupatikana, zito na zuri kuliko la dukani, lenye maua ambayo orodha haikuyaruhusu. Sweta hupatikana lenye rangi inayokaribia ile iliyotajwa bila kulingana nayo. Yeyote aliyepata kuona wageni wa kidato cha kwanza wakipokelewa anajua kitakachofuata: siku ya kufika, sanduku hufunguliwa mbele ya watu na kukaguliwa kitu kimoja kimoja. Tofauti ya rangi isiyozidi upana wa kucha humtangaza mtoto huyo katoka wapi. Hadithi ya Kiingereza huhitaji sura kadhaa kumtambulisha mhusika maskini. Ukaguzi wa sanduku unafanya kazi hiyo kwa dakika tano, bila mtu kusema neno baya.

Soko lenyewe si mandhari tulivu. Toi liliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, likajengwa upya na wachuuzi, na limepata moto tena zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Mzazi mwenye kibanda hapo anaweza kupoteza karo ya mwaka kwa usiku mmoja. Kwa hiyo uhusiano wa soko na bweni si wa kimandhari tu bali ni wa sababu na tokeo: moto uliowaka Kibera humtoa mtoto darasani katika mji ulio mbali, naye hupata habari kwa kusomewa jina lake katika orodha ya wenye deni. Mwandishi hahitaji kubuni sadfa yoyote. Ni ajabu kwamba mfuatano huo wa matukio, uliokamilika hivyo, haujapewa watoto kama hadithi.

Katika Kiswahili, shule ya bweni ya Kikatoliki iliingia fasihini kupitia mlango wa watu wazima, nayo iliingia kwa kishindo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, na baadaye ikapokewa humo humo kama kitabu cha kufundishia. Kezilahabi (1944–2020) aliijua dunia hiyo kwa ndani: alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na kusoma katika seminari ya Nyegezi. Kichwa cha riwaya kimetoka katika Litania ya Bikira Maria, ile inayoitwa ya Loreto, na si kichwa pekee. Mama ni Regina, binti mmoja ni Rosa, mwingine ni Stella. Yote ni majina yanayosikika katika litania hiyo kwa Kilatini. Familia ya mlevi Zakaria imeitwa kwa sala, na riwaya nzima yaweza kusomwa kama litania ambayo kila jina lake linavunjika kwa zamu.

Yaliyomo ni mashuhuri. Rosa anapigwa vibaya na babaye kwa sababu ya barua ya mvulana, Charles. Anakua akiwaogopa wanaume. Anakwenda Rosary, shule ya wasichana chini ya watawa, akiwa na hofu hiyo. Kisha anakwenda chuo cha ualimu Morogoro, ambako hofu inageuka kuwa kinyume chake. Mwisho wake ni kujiua, na riwaya inamfuata hadi mbele ya hukumu ya Mungu, ambako baba na binti wanashtakiana. Wahakiki wameandika mengi juu ya Morogoro na juu ya hukumu. Rosary imepitwa haraka, na yumkini Kezilahabi mwenyewe ndiye aliyewapa ruhusa, kwa kuwa sura za shule ya watawa zina kazi ya daraja: zinamchukua msichana kutoka kipigo hadi anguko. Malezi ya Rosary yamechorwa kama ghala la kuhifadhia usichana, na baba na watawa, wasiopatana kwa lolote jingine, wanakubaliana juu ya jambo hilo. Hoja hiyo ni kali na ya haki. Lakini gharama yake ni kwamba maisha ya kila siku ya bweni, yale ambayo mtoto msomaji angeyatafuta kwanza, yamekuwa membamba: nani analala karibu na nani, nani ana sukari, nani analia usiku. Rosa wa Rosary ni hoja zaidi ya kuwa mtoto.

Na bado kitabu hicho, ambacho hakikuandikwa kwa watoto, kilisomwa na watoto. Marufuku hayakukifukuza bwenini. Yalikifanya kisomwe chini ya blanketi. Hivyo kizazi cha wanafunzi kilipata taswira ya shule ya watawa ambayo lango lake linaongoza kwenye maangamizi tu, ilhali taswira nyingine waliyonayo, ile ya Blyton, inaongoza kwenye vitafunio vya usiku wa manane. Baina ya mbili hizo hapana kitu.

Riwaya ya Scholastique Mukasonga, Notre-Dame du Nil, iliyopata tuzo ya Renaudot nchini Ufaransa mwaka 2012, inaonyesha lililowezekana. Mukasonga, Mnyarwanda aliyesoma katika shule ya Kikatoliki ya wasichana mjini Kigali kabla ya kukimbilia Burundi mwaka 1973, ameweka shule yake juu ya mlima karibu na chimbuko la Nile, chini ya sanamu ya Bikira mweusi. Anaanzia siku ya kufika, ambapo chombo anachofikia msichana ndicho kinachomtambulisha. Anatumia kila pambo la utanzu wa Kiingereza, urafiki, vyakula, watawa wakali, safari za siri, na kwa sababu msomaji anayazoea mapambo hayo, hashtuki mapema. Veronica na Virginia wamo humo kwa kiwango cha nafasi kilichotengewa Watutsi. Gloriosa, binti wa mkubwa wa chama, anavunja pua ya sanamu ya Bikira kwa sababu haifanani na pua za watu wake. Lango linafunguliwa mwishoni, na wanaoingia wamekuja kuua. Hii si hadithi ya watoto, lakini funzo lake la kifani linawahusu waandishi wa watoto moja kwa moja: shule haikuwa kisiwa hata siku moja, siasa ya nchi ilikuwa imelala bwenini tangu usiku wa kwanza.

Kwa watoto hasa, aliyefaulu zaidi Afrika Mashariki ni Barbara Kimenye, aliyeanza kuchapisha hadithi za Moses mwishoni mwa miaka ya 1960. Shule ya Mukibi si ya Kikatoliki, na kwa kweli si ya jambo lolote isipokuwa kupokea wavulana waliokataliwa kwingine. Humo ndimo ucheshi wake. Kimenye alielewa kwamba shule mbovu ni mandhari bora kuliko shule nzuri, kwa sababu njaa huwatoa wavulana nje ya uzio na kijiji huingia ndani. Lango lake limelegea bawaba. Jambo la kusikitisha ni kwamba ulegevu huo ulibaki katika Kiingereza. Kiswahili kilipata mifano michache mno ya watoto wanaochekesha kwa makosa yao wenyewe bila adhabu ya mwandishi kuwasubiri ukurasa wa mwisho.

Badala yake hadithi ya kidini kwa watoto ilifuata njia ya visa vya watakatifu, na hasa vya Mashahidi wa Uganda, waliouawa kati ya 1885 na 1887 na kutangazwa watakatifu mwaka 1964. Kizito, mdogo wao, ndiye mlinzi wa mabweni na shule zisizohesabika. Waandishi wa visa hivyo hawakuona hazina waliyoikalia. Vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walikuwa, kwa maana halisi, wanafunzi wa bweni: walitolewa makwao wakiwa wadogo, walilala pamoja, walishindana kwa kupendwa, walijifunza katekisimu kwa siri, na walimwogopa mkubwa mmoja aliyekuwa na mamlaka juu ya miili yao. Katika vitabu vya ibada yote hayo hufutwa ili abaki mtoto anayetabasamu akielekea motoni.

Kufuta huko kuna madhara. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya mseto ya St Kizito huko Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na wengine wengi walibakwa. Mwaka 2001 moto wa bweni la Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67. Mwaka 2017 wasichana 10 walikufa kwa moto uliowaka katika Moi Girls, Nairobi, shule iliyo jirani na Toi. Na Septemba 2024 wavulana 21 katika Hillside Endarasha, Nyeri. Baadhi ya shule hizi si za Kanisa, na hapa hazitajwi kwa kulihukumu dhehebu lolote. Zinatajwa kwa sababu bweni lililofungwa, ambalo katika utanzu wa Kiingereza ni kiota cha furaha, nchini Kenya limekuwa pia mlango usiofunguka na dirisha lenye vyuma. Mtoto wa Kibera anayekwenda bwenini anayajua mambo haya. Ameyasikia redioni na kwa majirani. Fasihi yake ndiyo isiyojua. Haidaiwi kumsimulia ukatili wote, na mwandishi mwenye busara atachagua mengi ya kunyamazia. Lakini kunyamaza kwa anayejua na kunyamaza kwa asiyetazama husikika tofauti, hata na msomaji wa miaka 11.

Limebaki suala la lugha, ambalo wasomaji wa kurasa hizi watalipima kwa makini zaidi. Lugha ya Kikatoliki katika Kiswahili ni mchanganyiko wa kale. Padre ametoka katika Kireno. Misa na altare, Kilatini. Sala na malaika, Kiarabu. Kitubio ni shina la Kiarabu lililovikwa viambishi vya Kibantu. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliokuwa Unguja tangu 1863 na Bagamoyo tangu 1868 walikuwa na sehemu kubwa katika kuisanifu, na kamusi ya Charles Sacleux ya mwaka 1939 ni ushahidi wa usikivu wa mmoja wao. Mtoto wa Nairobi anayo lugha hiyo kwa moyo, kwa kuwa amesali nayo. Ni Kiswahili cha pwani kilichonyooka, ambacho hakitumii kwa jambo jingine lolote. Akitoka kanisani hucheka kwa Sheng. Akiingia shule ya bweni, vyote viwili hukutana na amri ya Kiingereza. Wangari Maathai ameeleza katika Unbowed (2006) jinsi, katika St Cecilia's ya misheni ya Mathari, Nyeri, ambako alikuwa mwanafunzi wa bweni katika miaka ya 1950, aliyekamatwa akisema lugha ya mama alivishwa kibandiko cha aibu, nacho kikahama kutoka mtoto hadi mtoto. Kwa hiyo hadithi ya Kiswahili ya shule kama hiyo ni, kwa namna fulani, tafsiri ya mazungumzo yaliyokatazwa kufanyika kwa lugha ambayo hadithi imeandikwa kwayo. Hata wasichana wa Rosary husema Kiswahili fasaha kwenye ukurasa, na msomaji hupokea bila kuuliza.

Suluhisho la kawaida la wachapishaji ni kuwasemesha watoto wote Kiswahili cha mtihani. Matokeo yake ni bweni la wahubiri wadogo. Suluhisho la kinyume, la kuandika Sheng tupu, huchakaa kabla kitabu hakijachapwa mara ya pili, maana Sheng ya Kibera haifanani na ya Kawangware, na hakuna kati ya hizo inayodumu miaka mitano bila kubadilika. Njia iliyo wazi ni ya kipimo. Sentensi kama "Mathe alininunulia blanketi Toi" ina neno moja tu la mtaani, na neno hilo halitafsiriki bila hasara: mama ni wa salamu na sala, mathe ni yule aliyesimama juani akipatana bei. Mtoto yuleyule, akiulizwa na mtawa, atasema mama, na badiliko hilo lisiloelezwa litamwambia msomaji mahali lango lilipo kuliko aya nzima ya maelezo.

Mabadiliko ya elimu nchini Kenya yameufanya wakati huu uwe mgumu na wenye neema kwa utanzu huu. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na kidato cha kwanza cha mwisho kiliingia Januari 2024. Wanaokwenda shule za sekondari za juu tangu Januari 2026 wanaingia gredi ya 10, wakiwa wamekaa nyumbani mwaka mmoja zaidi kuliko kaka na dada zao. Mhusika wa miaka 13 mwenye viatu vikubwa kuliko miguu yake amekwisha kuwa mhusika wa kihistoria. Atakayemwandika sasa atamwandika kwa kumkumbuka. Na atakayemwandika mrithi wake ataandika kijana mwenye miaka 15, aliyekwisha kuuza sokoni siku za Jumamosi na kujua bei ya kila kitu kilichomo sandukuni mwake. Kwa huyo wa pili ukaguzi wa siku ya kufika hauwezi kuwa wa kuaibishwa tu. Atakuwa anamkagua mkaguzi pia. Mwandishi atalazimika kuamua, kabla ya sentensi ya pili, sista atamwitaje akiwa ameinama juu ya sanduku lililo wazi: mwanangu, wewe, au kwa namba iliyopakwa rangi nyeupe juu ya kifuniko.